UZI MREFU: Hiram Maxim, fundi wa rashasha ya kwanza, na safari ya mtambo wake mpaka Mengo, Mahenge na Tanga

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam.

Kuna mtu mmoja ambaye historia ya huku kwetu haisomeki vizuri bila yeye ila shuleni jina lake hatukulisikia. Tulikaririshwa sababu za kushindwa kwa Majimaji, lazima ya kwanza au ya pili iwe "silaha duni", unaandika unapata maksi zako unaenda zako likizo. Sasa hizo silaha bora za upande wa pili alizitengeneza nani, wapi, zilifanyaje kazi mpaka watu wachache ndani ya boma wakawazuia maelfu nje, hapo kimya. Na ule ukimya ndo umewapa watu nafasi ya kusema babu zetu walikuwa wajinga tu walioamini maji yatazuia risasi. Mimi hilo linaniuma sana, ndo maana nimeleta huu uzi.

Jamaa anaitwa Hiram Stevens Maxim. Vuteni viti, ni ndefu, nitashusha kwa vipande.

Kazaliwa tarehe 5 Februari 1840 Sangerville, jimbo la Maine, kule juu kabisa kaskazini mashariki ya Marekani karibu na Canada, kwenye misitu na baridi. Chuo hakukanyaga. Akiwa na miaka 14 wakampeleka kujifunza kazi kwa fundi wa magari ya farasi, na huko huko ujanani akatengeneza mtego wa panya unaojitega wenyewe tena ukishanasa. Huo mtego ushikeni kichwani kwa sababu wazo la kitu kinachojirudisha chenyewe bila mkono wa mtu lilimkaa huyu bwana maisha yake yote. Baadae akaenda kwenye karakana ya mjomba wake Fitchburg, Massachusetts, akajua vyuma na kuchora michoro ya mashine. Hataza yake ya kwanza (yaani haki rasmi ya ubunifu) mwaka 1866 ilikuwa ya chuma cha kukunjia nywele za akina mama, yaani mtu ambaye mashine yake itakuja kuua watu wasiohesabika alianzia saluni. Akaingia mitambo ya gesi ya taa, akabuni mfumo wa kuzima moto wa majengo unaomwaga maji wenyewe, halafu 1878 akawa mhandisi mkuu wa kampuni ya United States Electric Lighting pale New York, hapo sasa anashindana na Thomas Edison kwenye balbu. Kwenye ile vita ya hataza za balbu Edison akaondoka na jina lote, na Maxim alibaki na kinyongo mpaka uzeeni.

Mwaka 1881 kampuni ikamtuma Paris kwenye maonyesho ya umeme, Wafaransa wakampa nishani. Mwaka uliofuata ndo lile tukio alilokuwa analisimulia mwenyewe, kwamba alikutana Vienna na Mmarekani mwenzake waliyejuana zamani, yule jamaa akamwambia achana na kemia na umeme, ukitaka hela nyingi buni kitu kitakachowarahisishia hawa Wazungu wa Ulaya kuchinjana. Alikuwa anaisimulia bila aibu yoyote. Mimi namuamini kwenye hilo, maana alichofanya baada ya hapo kinafanana kabisa na ule ushauri.

Akafungua karakana London, Hatton Garden, mtaa wa masonara na wauza almasi. Na hapa inabidi nieleze mtambo wenyewe polepole, kwa sababu bila kuuelewa hutaelewa kilichotokea Mahenge.

Bunduki yoyote ukifyatua inakupiga teke begani. Maxim alisema aliwahi kupiga shabaha na bunduki ya jeshi kule Savannah, Georgia, bega likavimba likawa jeusi, na akajiuliza hii nguvu yote inayopotea kuniumiza kwanini isifanye kazi. Kabla yake kulikuwa na Gatling ya 1862, ile ya mitutu mingi, lakini ile lazima mtu azungushe mkono wa chuma kama anasaga nyama, akichoka imechoka, akizungusha vibaya imekwama. Maxim akachukua lile teke lenyewe. Risasi ikitoka, mtutu na kufuli vinarudi nyuma pamoja kidogo, mtutu unasimama, kufuli linaendelea peke yake huku linavuta ganda tupu nje na kuchomoa risasi mpya kwenye mkanda wa kitambaa, springi imeshavutika pembeni inarudisha kila kitu mbele, risasi imeshaingia, inalipuka, mzunguko unaanza tena. Mwenye bunduki kazi yake ni kushikilia kitufe tu na kuelekeza. Mtutu ungeyeyuka kwa joto kwa hiyo akauzungushia bomba la maji, kama lita 4 hivi.

Hataza za kwanza kazisajili 1883, 1884 mtambo ukawa unafanya kazi. Risasi 600 kwa dakika. Kumi kila sekunde. Sasa chukua gobore, ile ya kushindilia baruti kwa mdomo, mtu hodari aliyezoea anapiga mara mbili au tatu kwa dakika akijitahidi sana. Piga hesabu mwenyewe, Maxim moja ni sawa na magobore 200 au zaidi, na haya magobore 200 yanahitaji watu 200 wanaokula, wanaoogopa na wanaochoka, wakati ile moja inahitaji watu wanne watano wa kuibeba, kuilisha mkanda na kumwaga maji.

Kipande kinachofuata nakuja.

#2 Mchangiaji

Nimeweka kambi mkuu, shusha. Mimi siku zote nilijua Maxim ni jina la bunduki tu, sikujua kama ni jina la mtu.

#3 Mchangiaji

Swali mleta uzi, alikuwa mbunifu tu akauza wazo au na kiwanda ni chake? Maana wabunifu wengi wanakufa maskini wenye hela wanakula.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3 swali zuri, huyu hakufa maskini. Mwaka huo huo 1884 ikaanzishwa Maxim Gun Company, hela ikatoka kwa familia ya Vickers, matajiri wa chuma wa Sheffield, na Albert Vickers akawa mwenyekiti. Kiwanda kikawekwa Crayford, Kent, nje kidogo ya London. Kuna mambo ya majaribio pia, alikuwa anaifyatua nyumbani kwake West Norwood, anatangaza kwenye gazeti la mtaa kwamba leo napiga bunduki jamani fungueni madirisha vioo visivunjike, na wakubwa wakawa wanakuja kuangalia, Mwanamfalme wa Wales naye alikuja.

Jeshi la Uingereza likamwekea masharti, mtambo usizidi ratili 100 ambazo ni kama kilo 45, upige risasi 400 dakika ya kwanza, 600 ndani ya dakika mbili, 1,000 ndani ya dakika nne. Yeye mwenyewe kaandika kwamba akawapelekea wa ratili 40 uliopiga 2,000 ndani ya dakika tatu. Kwa kifupi aliwaletea walichoomba mara mbili yake na chepesi kuliko walivyotaka, na bado maofisa wengi wa Ulaya walikuwa wanaona hii ni silaha ya kupigania makoloni, sio ya vita vya wastaarabu kwa wastaarabu. Hilo nalo lishikeni, tutalirudia kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia.

Mauzo hayakuwa rahisi. Kuna ile habari ya mfalme wa Denmark kuuliza risasi zinagharimu kiasi gani kwa dakika, alipojibiwa akasema huu mtambo utaifilisi nchi yangu kwa masaa machache. Na kulikuwa na mpinzani, kampuni ya Nordenfelt, muuzaji wake ni Basil Zaharoff, yule ambaye baadae akaja kuwa mfanyabiashara wa silaha mkubwa kuliko wote wa zama zake. Inasimuliwa kwamba Vienna baada ya Maxim kuchora kwa risasi herufi za jina la Kaisari wa Austria kwenye shabaha, Zaharoff alikimbilia waandishi wa habari akawaambia hiyo mliyoiona ni bunduki ya Nordenfelt. Mwisho wa yote 1888 kampuni mbili zikaungana, na Zaharoff akawa anaiuza Maxim hiyo hiyo aliyoipiga vita. Halafu miaka ya mwisho ya karne hiyo Vickers wakanunua zote, ikaitwa Vickers, Sons and Maxim. Hiram akachukua uraia wa Uingereza, 1901 akapewa cheo cha Sir. Mtoto wa Maine aliyeanza na magari ya farasi.

Kitu kingine watu hawakitaji, kilichoikamilisha Maxim ni baruti isiyo na moshi. Baruti nyeusi ya zamani ilikuwa inachafua vyuma ndani na kutoa wingu la moshi mpaka mpigaji haoni anapopiga. Ilipokuja baruti mpya miaka ya 1880 mtambo ukawa safi na mpigaji akawa haonekani alipo. Adui anaanguka hajui kinachomuua kinatokea wapi.

#5 Mchangiaji

Sasa leta ya huku kwetu, hiyo ya Ulaya tumeelewa. Ilifikaje?

#6 Mleta uzi

Hapa ndo penyewe.

Ilifika mapema mno kuliko watu wanavyodhani, tena kabla majeshi makubwa ya Ulaya hayajainunua kwa wingi. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley anaandaa msafara wa kwenda kumchukua Emin Pasha, yule gavana wa Ikweta aliyekwama kusini mwa Sudan baada ya Mahdi, kiongozi wa uasi wa kidini wa Sudan, kuchukua Khartoum. Maxim akampa Stanley mtambo mmoja kama zawadi. Zawadi kwa maana ya matangazo ya biashara bila shaka, ataenda nao sehemu ambayo magazeti yote ya London yanaifuatilia. Februari 1887 Stanley yuko Zanzibar, anaandikisha wapagazi zaidi ya 600, anampakia na Tippu Tip na watu wake, meli inazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka mdomo wa mto Congo, wanaanza kupanda mto na kukata msitu wa Ituri.

Naomba tusimame hapa kidogo wakuu. Ule mtambo haukuwa na miguu. Uliobebwa Congo nzima mpaka Ziwa Albert na kurudi pwani ulikuwa kwenye mabega ya vijana wa Zanzibar na wa Unyamwezi, pamoja na masanduku ya risasi, na wengi wao walikufa msituni kwa njaa, vidonda na mishale ya sumu. Desemba 1889 msafara ukafika Bagamoyo. Maxim ikaja na majina ya Wazungu kwenye vitabu, ya waliobeba hayapo.

Sasa angalia. Baada ya msafara ule mtambo uliochakaa haukutupwa. Aliondoka nao Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akafika nao Kampala Desemba 1890. Tarehe 24 Januari 1892 vita ya Mengo, upande wa Wakatoliki waliokuwa wanaitwa Wafransa na Kabaka Mwanga dhidi ya Waprotestanti walioitwa Waingereza, Lugard yuko kilimani na Maxim zake, Wakatoliki wakashindwa wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe pamoja na Kabaka. Siku chache baadae wakafuatwa huko huko, Maxim ikapiga mitumbwi iliyojaa watu wanaokimbia kwenye maji. Ramani ya siasa ya Buganda, nani apate uchifu wa sehemu gani, dini gani ikae wapi, ilikaa vile kwa miaka mingi baada ya siku zile chache za 1892, na mtambo uliohusika ulikuwa mkongwe unaokwama kwama, wapo waliousifia zaidi kwa kutisha kuliko kwa kupiga.

Kwingine Afrika napita haraka. Wandebele wa mfalme Lobengula, Shangani, Zimbabwe ya leo, tarehe 25 Oktoba 1893, askari mia kadhaa wa kampuni ya Cecil Rhodes na Maxim chache, Wandebele wanaokadiriwa 1,500 wakafa. Omdurman Sudan tarehe 2 Septemba 1898, waliokufa upande wa Khalifa, mrithi wa Mahdi, ni kama 10,000 na zaidi, upande wa Kitchener, jenerali wa Waingereza, 48. Omdurman kulikuwa na mizinga na meli za mtoni na bunduki za kawaida pia, sio Maxim peke yake, lakini Maxim ndo ilikuwa inamaliza kila kundi lililofanikiwa kusogea.

Na Tanganyika. Kabla ya kushindwa tulishinda, mnajua wote, tarehe 17 Agosti 1891 Lugalo karibu na Iringa, Wahehe wa Mkwawa wamelala kwenye majani na mawe, safu ya Zelewski, kamanda wa Mjerumani, inapita ndefu njia nyembamba, mitambo mikubwa imefungwa juu ya punda. Wahehe wakainuka na mikuki kwa pamoja. Askari wengi walipata nafasi ya kupiga risasi moja au mbili tu, Zelewski mwenyewe akafa hapo. Silaha za kisasa zilikuwepo, ila zilikuwa mzigo juu ya mnyama. Hii ndo inayonifanya nisikubali habari ya ujinga. Wale watu walijua kwamba mtambo una nguvu ukishafungwa chini, ukikaa na maji yake na mkanda wake na uwanja mweupe mbele, kabla ya hapo ni chuma tu. Ilibidi Wajerumani wajipange miaka mitatu, 1894 wakaja Kalenga na mizinga, wakabomoa ngome ya Mkwawa.

#7 Mchangiaji

Shekhe umeruka Unguja. Sie huku Maxim tulikuwa nazo wenyewe! Tarehe 27 Agosti 1896 Seyyid Khalid bin Barghash kajifungia kasri la Beit al Hukm na Maxim zake kadhaa, na Gatling, na mizinga miwili ya zawadi ya mfalme wa Ujerumani. Manowari za Waingereza zikapiga kutoka baharini, dakika arobaini hivi mambo yamekwisha, watu kama 500 wamekufa na kujeruhiwa, na Waingereza kajeruhiwa mtu mmoja. Sasa hoja yako ya kwamba mwenye Maxim anashinda iko wapi?

#8 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Unguja umeleta kitu kizito, ahsante sana. Na mimi nasema hiyo inakamilisha picha. Maxim ni ya kumzuia mtu anayekuja kwa miguu uwanjani, manowari iko mbali baharini ina mizinga ya kurusha makombora, Maxim ya kasri haiwezi kuifanya kitu. Kwa hiyo kumiliki mtambo mmoja haikutosha, mwenzio ana kiwanda cha kutengeneza mitambo, ana meli za kuileta, ana simu ya waya ya kuita nyingine. Ukiona Khalid alikuwa na Maxim ya kununua na Vickers ana Maxim ya kutengeneza unaelewa tofauti iko wapi. Biashara ya Maxim ilikuwa inauza kwa yeyote mwenye hela, sultani, mfalme, tsar, kampuni, haikuchagua.

#9 Mchangiaji

Mkuu mimi bado niko kwenye Majimaji. Unasema hawakuwa wajinga, ila maji ya Kinjikitile walikunywa na wakaenda Mahenge kifua wazi, hilo utalielezaje?

#10 Mleta uzi

Nalieleza hivi.

Julai 1905 watu wa Matumbi wanang'oa pamba ya lazima, moto unasambaa. Maji ya Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale yalifanya kazi ambayo hakuna chifu aliyewahi kuifanya, yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, mwishoni Wangoni, watu waliokuwa hawana serikali moja wala lugha moja na wengine walishawahi kupigana wao kwa wao. Hiyo ni siasa ya hali ya juu, unaunganisha vipi watu wa vijiji mia bila barua bila redio bila mshahara? Kwa kiapo. Maji ndo kilikuwa kiapo.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu wakaishambulia boma ya Mahenge. Ndani kulikuwa na Luteni von Hassel, askari kama 60, wasaidizi mia kadhaa wa makabila yaliyobaki upande wa Mjerumani, na rashasha mbili. Mbili tu. Walikuja uwanjani kwa safu, kundi la kwanza likakatwa, na baadae likaja kundi jingine kutoka upande mwingine, nalo likakatwa, ila safari hii wengine walifika karibu sana na boma. Wakuu mimi naomba mfikirie hili la kundi la pili. Hawa wa pili walishaona wenzao wamelala chini. Walishajua kwa macho maji hayazuii. Wakaja. Huo hauitwi ujinga, mtu anayejua anakwenda wapi na bado anakwenda tunamwita shujaa kwenye kila historia ya dunia isipokuwa ya kwetu.

Na hawakuendelea kufa kizembe, baada ya Mahenge na mapigano mengine ya uwanjani wakabadilika, wakaingia vita ya msituni, makundi madogo, kuvizia njiani, kama Lugalo. Na huko rashasha haikuwa na la kufanya. Kwa hiyo Mjerumani akabadilisha silaha, akachoma mashamba, maghala na vijiji, akazuia watu kulima. Vita iliisha 1907 na wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa ni kati ya 250,000 na 300,000, walio wengi kabisa kwa njaa na magonjwa. Ndo maana nasema Maxim ilishinda siku moja uwanjani, kilichoua nchi ni kiberiti na njaa. Mtihani wa shule ungeuliza hivyo watoto wangeelewa zaidi kuliko kuandika "silaha duni" na "imani za kishirikina".

#11 Mchangiaji

Mkuu umenifungua macho. Mimi asili yangu Ulanga, bibi alikuwa anataja "bombomu" kwenye hadithi zake nikawa najua ni mdudu wa kutishia watoto.

#12 Mleta uzi

Bombomu ndo yenyewe mkuu #11, wazee waliiita hivyo kwa mlio wake. Tafadhali andika hadithi za bibi zote kabla hazijapotea.

Namalizia na deni la kule juu, wale maofisa waliosema hii ni ya makoloni tu. Wajerumani walinunua haki wakatengeneza ya kwao, toleo la 1908, kule Spandau. Warusi wakatengeneza ya 1910 Tula, ile yenye magurudumu. Waingereza wakaipunguza uzito ikawa Vickers ya 1912. Kwa hiyo 1914 vita inaanza pande zote kubwa zimeshika kitu cha mtu mmoja, zinanyosheana.

Huku kwetu ilianza Tanga, Novemba 1914. Waingereza wameshusha jeshi la India kama watu 8,000, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Kila mtu anakumbuka nyuki wa Tanga, na kweli nyuki walikuwepo, ila kilichowavunja Waingereza ni rashasha zilizopangwa vizuri pembezoni mwa mji na askari waliozijua. Waingereza wakarudi melini wakaacha rashasha kadhaa, bunduki mamia na risasi zaidi ya laki tano, na von Lettow akapigana nazo miezi na miezi. Kila mtambo uliozunguka na hiyo vita kutoka Tanga mpaka Msumbiji ulikuwa juu ya kichwa cha mpagazi, na Kariakoo ya Dar imeachiwa jina na hao hao wapagazi wa jeshi la Waingereza.

Ulaya, tarehe 1 Julai 1916, mto Somme, Ufaransa, Waingereza wanatoka mahandakini kwa safu wanatembea kuelekea rashasha za Wajerumani. Siku moja hiyo wamekufa 19,240, ukijumlisha na majeruhi na waliopotea ni 57,470. Safu uwanjani mbele ya Maxim, kama Mahenge, na hao walikuwa na vyuo vya kijeshi, ramani, darubini na majenerali wenye nishani, na walikuwa wanaijua Maxim miaka 30. Sijawahi kusikia mtu akiwaita wajinga wa kishirikina.

Vita ya Somme ilisimama tarehe 18 Novemba 1916. Hiram Maxim akafa London tarehe 24 Novemba, siku sita baadae, akiwa na miaka 76, akazikwa West Norwood.

#13 Mchangiaji

Alijuta? Maana Nobel wa baruti angalau aliacha zawadi ya amani.

#14 Mleta uzi

Sijaona popote alipojuta, naongea ukweli. Alikuwa mtu wa kujivuna na mgomvi, aligombana mpaka na mdogo wake Hudson aliyekuwa mtaalamu wa milipuko, na mke wa kwanza na watoto aliwaacha Marekani alipohamia Ulaya. Masikio yalikufa kwa mlio wa mtambo wake, akawa kiziwi.

Ila kuna jambo moja la uzeeni. Alikuwa na kifua kibovu, akabuni chombo cha kuvutia mvuke wa dawa kwa ajili ya koo na mapafu, wakamcheka na kumlaumu kwamba mwanasayansi mkubwa anajishusha kwenye dawa za mitaani. Akasema kwa uchungu kwamba inaonekana kubuni mashine ya kuua ni heshima kubwa na kubuni kitu cha kumpunguzia mtu mateso ni aibu. Hapo alisema kweli tupu, japo ni yeye aliyeifaidi ile heshima ya kwanza.

Alijaribu na ndege pia, 1894 kule Bexley, Kent, dubwana la zaidi ya tani 3 lenye injini mbili za mvuke kwenye reli, tarehe 31 Julai likajiinua kweli mpaka likavunja reli za juu zilizowekwa kulizuia, likaharibika akalizima. Hiyo ni miaka tisa kabla ya ndugu wa Wright kuruka na ndege yao. Akageuza lile wazo kuwa bembea kubwa ya kuzunguka ya 1904 ambayo ipo mpaka leo Blackpool na watoto wanapanda. Na mwanae Hiram Percy ndo aliyetengeneza kiziba mlio cha bunduki kilichouzwa kuanzia 1909, baba kapasua masikio ya dunia mtoto kaja na kitu cha kunyamazisha.

#15 Mchangiaji

Hivi bado zipo zinazofanya kazi au ni makumbusho tu?

#16 Mleta uzi

Zinafanya kazi mkuu. Vita ya Ukraine kuanzia 2022 zile za Kirusi za 1910 zilitolewa maghalani zikafungwa kwenye mahandaki, nyingine wamezifunga mbili mbili wanatungulia droni. Maji kwenye bomba, mkanda wa kitambaa, kila kitu vile vile.

Wenye wazee wa Mahenge, Kilosa, Songea, Liwale, Kilwa na kule Buganda, naomba mtupe majina. Majina ya watu, sehemu walipozikwa, nani alibeba, nani alikimbilia mlima gani. Von Hassel tunaye kwenye vitabu, waliokuwa upande wa pili wa boma ndo hatuna. Mkuu #11 tunaanza na bibi yako.